Mafuta ya Taa Si Dizeli

Matatu na malori yanayopita hapa Kondele kwenda Kakamega mengi hunywa dizeli. Kuna wanaodhani kuitia mafuta ya taa si neno. Kumbe ni hatari!

Dizeli ina kazi mbili: kuwaka na kulainisha pampu. Mafuta ya taa huwaka sawa, lakini ni mepesi mno. Yakizidi, chuma husaga chuma, pampu na nozeli zikafa. Ulaghai huu ulienea hata mwaka wa 2018 serikali ikatoza mafuta ya taa shilingi 18 zaidi kwa lita, ili faida ya wachanganyaji iishe. Aliyeumia pia ni mwanafunzi anayesomea koroboi, ambaye hana hata baiskeli!

Je, mafuta ya mimea? Mwaka wa 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Lakini mafuta hayo ni mazito. Kwa injini za leo sharti yageuzwe kiwandani kwanza.

Basi dereva afanyeje?

1. Amwage maji yanayotuama chini ya chujio la dizeli.
2. Autazame moshi. Mweusi: huenda chujio la hewa limeziba au nozeli ni mbovu. Wa samawati: injini inaunguza oili.
3. Asidanganyike na dawa za chupa. Husaidia kusafisha nozeli, lakini hazifufui pampu iliyosagika.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.