Hofu ya Mama Mwenye Mimba

Mama mwenye mimba wa Kibondo au Kasulu, kabla hajafika hospitali, amekwisha sikia mengi. Kisimani, shambani, hata mlangoni pa kanisa, wenziwe humsimulia habari za fulani aliyeteswa siku mbili na za fulani aliyepasuliwa. Mama mkwe hujisifu kwamba yeye alizaa wote nyumbani bila kupiga kelele. Mume hunyamaza, akidhani hayo ni mambo ya wanawake.

Mganga Mwingereza Grantly Dick-Read, aliyetoa kitabu juu ya jambo hili mwaka 1942, alifundisha kwamba mwenye hofu hukaza mwili, mwili uliokazwa huumia zaidi, nayo maumivu huongeza hofu. Si yote aliyoyasema yanayokubaliwa na waganga wa leo, lakini hili wakunga hulishuhudia.

Wako Wakristo waliodhani kwamba kumpunguzia mama uchungu ni kupinga kitabu cha Mwanzo. Tarehe 8 Januari 1956 Baba Mtakatifu Pio XII alieleza kwamba Maandiko hayakatazi. Basi tusimtwike mama mzigo ambao Kanisa halikumtwika.

Lakini twataka hasa kusema juu ya upweke. Mama ameletwa kwa pikipiki katika njia ya milima. Ndugu wanabaki nje, naye analala kati ya wasiomjua. Akikemewa humo, habari hufika kijijini kabla yake, na jirani yake atajifungulia nyumbani, ambako damu ikimtoka nyingi hakuna awezaye kuizuia. Kati ya mwaka 2016 na 2018 baadhi ya vituo vya serikali mkoani Kigoma vilijaribu njia nyingine: mama achague mwanamke mmoja wa kukaa naye, kumkanda mgongo, kumpa maji, kumtia moyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri kila mama apate mwenzi amtakaye. (Bikira Maria naye alikwenda milimani, akakaa na Elisabeti miezi ipatayo 3, wala hatusomi kwamba alimtisha kwa hadithi.)

Enyi akina baba, ulizeni mapema kliniki kama msindikizaji huruhusiwa kuingia, na wekeni nauli ya watu wawili. Nanyi akina mama wakwe, msione uchungu mkwe akimtaka dada yake badala yenu. Achaguaye ni yule atakayezaa.