Jina lililo usoni mwa saa si lazima liwe la aliyeitengeneza

Somo la leo ni saa za mfukoni, zile za mkufu walizokuwa wakivaa wazee wetu. Hapa Pemba bado zimo kwenye makasha ya majumbani, na sisi tunaonunua na kuuza vitu vya zamani zinatupitia mikononi bila kujua tumeshika nini. Mimi nina meza yangu hapa Jadida, Wete. Naanza na hasara yangu mwenyewe.

Miaka ya nyuma niliuziwa saa iliyoandikwa ndani ya kifuniko "Spiral Breguet". Nilishasikia kuwa Breguet ni jina kubwa kwenye saa, basi nikatoa karibu mtaji wote. Hata kuomba kupunguziwa niliogopa, mwenyewe asije akashtuka. Nilipoipeleka kwa fundi, akacheka: "Bwana, hiyo ni aina ya springi, si jina la aliyeitengeneza." Miezi miwili nikabaki kuuza vocha.

Sasa mwaka huu akaja bibi mmoja na saa ya marehemu baba yake, kaifunga kwenye leso. Usoni imeandikwa jina la duka na chini yake Bombay. Akanambia: "Mwanangu, nipe elfu hamsini tu, nina safari ya hospitali Unguja. Nimekwenda kwa mwengine kasema hii ya Kihindi, haina bei."

Nikamwambia, "Kaa kitako bibi, tuifungue kwanza." Na wewe fuata hatua hizi hizi.

1. Usoni soma, lakini usiamini. Zamani maduka mengi yaliagiza saa Uswisi na kuandikisha jina lao wenyewe usoni. West End Watch Co., kwa mfano, waliuza saa za Uswisi zilizoandikwa Bombay na Calcutta. Kwa hiyo Bombay inakwambia saa iliuzwa wapi, haikwambii ilitengenezwa wapi. Tazama chini kabisa, penye namba 6: mara nyingi pana maandishi madogo "Swiss Made", na pengine ukingo wa kioo umeyafunika.

2. Fungua nyuma taratibu. Zungusha saa utafute bawaba. Ikiwepo, upande wa pili kuna kijinafasi cha kutia ukucha au kisu butu. Kama hakuna bawaba, huenda kifuniko ni cha kuzungusha. Usilazimishe, na mashine usiiguse kwa vidole, jasho linaleta kutu.

3. Maneno ya kifuniko cha ndani yasikuchezee. Hapa ndipo nilipoumia mimi. "Ancre" na "Cylindre" ni namna mashine inavyofanya kazi. "15 rubis" ni idadi ya vito vinavyobeba ekseli. "Remontoir" maana yake inajazwa bila ufunguo. "Genève" ni mji. Yote hayo si majina ya watu wala viwanda. Na ukiona picha za medali zenye mwaka, tuseme Paris 1889, huo ni mwaka wa tuzo. Saa yenyewe ni ya baada ya hapo.

4. Alama za wanyama ni za madini. Kwenye saa za Uswisi za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, dubu kwa kawaida ni fedha ya 0.875, na ndege mfano wa jogoo wa porini ni fedha ya 0.800. Kindi ni dhahabu ya karati 14, kichwa cha mwanamke ni karati 18. Sonara atakupimia uzito wa ganda, lakini mtengenezaji wa mashine hatamjua kwa alama hizo. Ganda na mashine mara nyingi vilitoka viwanda tofauti.

5. Jibu liko kwenye mashine. Chukua lenzi, au piga picha kwa simu kisha uikuze. Tafuta jina, alama na namba. Saa ya mchanga yenye mabawa ni Longines, kampuni ya Saint-Imier iliyoanza 1832. Herufi ya Kigiriki Ω ni Omega, jina lililoanza kutumika 1894. Kabla yake walikuwa Louis Brandt. Usipoona kitu, pengine alama iko chini ya uso wa saa. Hiyo ni kazi ya fundi, si yako.

6. Andika namba, usisugue kitu. Longines wana kumbukumbu za namba za saa zao, na unaweza kuwaandikia ukauliza. Lakini ukishasugua alama kwa msasa ili saa ing'are, umefuta ushahidi wako mwenyewe.

Turudi kwa bibi. Nilipofungua nikaiona saa ya mchanga na mabawa yake. Longines, na ganda lina dubu. Wallahi nilinyamaza kidogo. Yeye anataka elfu hamsini, mimi ninazo mfukoni, na hakuna mwengine aliyeona.

Nikakumbuka nilivyorudi nyumbani siku ile ya Breguet. Nikamwambia kilichomo. Nikampa ile elfu hamsini akasafiri, tukaandikiana: namba ya saa, tarehe, na kwamba akirudi ataamua auze kupitia kwangu kwa kamisheni au anirudishie pesa yangu. Aliporudi, mwanawe aliyeko Muscat akapiga simu akasema saa ya babu haiuzwi. Nikarudishiwa elfu hamsini yangu, faida sifuri.

Lakini tangu siku hiyo watu watatu wameniletea saa zao wakisema, "Tumeelekezwa na bibi." Moja nimeshaiuza, na kamisheni yake imeziba sehemu ya shimo la Breguet.

Kwa hiyo mwenzangu, kabla hujataja bei, fungua nyuma. Mtu asiyejua alichonacho leo atakuja kujua kesho, na atakumbuka alimuuzia nani.