Mwanangu mwenye usonji anamwogopa daktari wa meno

SWALI: Mwanangu wa miaka 7 ana usonji. Tukifika tu kwa daktari wa meno anaziba masikio na kupiga mayowe. Nifanyeje?
Mama Tanga

JIBU: Huo si utukutu, mama. Mlio wa mashine, taa usoni, harufu ya dawa, glavu mdomoni: vyote humvamia kwa pamoja, tena kwa nguvu kuliko unavyovihisi wewe.

Anzeni nyumbani. Mlaze kitini, mguse meno kwa mswaki mkihesabu hadi 10, kisha acha. Kila siku, hesabu ileile. Mwonyeshe picha za chumba, kiti na taa kwa mpangilio atakaoukuta. Halafu omba miadi ya asubuhi kabla foleni haijajaa, na siku hiyo akae tu kwenye kiti, basi. Daktari ajue mapema, na amwonyeshe kila kifaa kabla ya kukitumia. Miwani ya jua husaidia (watu wengi huisahau).

Usimwahidi kwamba hataumia. Akiumia, hatakuamini tena. Kumkandamiza kwa nguvu mimi sikuafiki.

Ila shavu likivimba, usingoje mazoezi. Mpeleke siku hiyohiyo, uulize kuhusu dawa ya usingizi.