Sare ya Darasa la Awali Imfae Mtoto Tangu Siku ya Kwanza

Mtoto anayesoma katika shule ya msingi ya Serikali halipiwi ada. Sare, viatu, daftari na penseli vimebaki kuwa jukumu la mzazi au mlezi. Kwa kaya yenye mtoto anayeingia darasa la awali, hayo ni manunuzi ya kwanza ya shule katika maisha ya mtoto huyo, na mara nyingi hufanywa kwa mazoea yaliyorithiwa: kaptula huchaguliwa iliyozidi kwa saizi mbili ili mtoto akue nayo, kiuno hukazwa kwa mkanda au pini, na viatu hujazwa karatasi upande wa vidole.

Hesabu hiyo haitokani na ubahili. Fedha ya sare hutoka katika mfuko uleule wa mbolea, chakula na matibabu, na mtoto wa umri huo hurefuka haraka. Kasoro yake ni kwamba humfikiria mtoto wa mwakani na kumsahau huyu wa Januari, ambaye ndiye atakayeivaa.

Jambo lenye uzito kuliko yote katika sare ya mtoto wa miaka mitano ni choo. Nyumbani, akibanwa na haja, humwita mama, bibi au dada. Shuleni mwalimu mmoja ana watoto wengi mbele yake wala hawezi kumfuata kila mmoja chooni. Mtoto aliyefungwa mkanda wenye bizimu ngumu, au kaptula yenye ndoano ya chuma na kifungo kidogo ndani yake, hufika mlangoni mwa choo akiwa peke yake na vidole visivyo na nguvu ya kutosha. Hulowa. Wenzake humcheka. Asubuhi inayofuata husema tumbo linamuuma, na nyumbani hudhaniwa kuwa anadeka au haipendi shule. Mtoto huyo anaweza kuipenda shule kabisa. Anachokiogopa ni kaptula yake.

Kwa hiyo kiuno cha lastiki ndicho kinachomfaa mtoto wa darasa la awali, wa kiume na wa kike. Pale ambapo mshono wa sare ya shule unadai kifungo mbele, fundi anaweza kutia lastiki upande wa nyuma na kuweka mbele kifungo kimoja kikubwa chenye tundu pana. Mkanda unaweza kusubiri hadi darasa la kwanza. Vifungo vya shati navyo visiwe vidogo mno, na kile cha shingoni kisimbane.

Nafasi ya kukua haipaswi kupotea. Ifichwe ndani ya mshono. Fundi akiombwa mapema ataacha pindo la sentimita tano au zaidi chini ya sketi, na kiasi kidogo zaidi kwenye kaptula, kisha atabakiza kitambaa cha ziada katika mshono wa ubavuni. Mwaka ukipita, pindo hufumuliwa, hupigwa pasi na kushonwa upya. Sketi ya marinda ina faida zaidi, kwa kuwa upana wake wa ziada umo ndani ya mikunjo. Anayenunua sare iliyoshonwa tayari aigeuze nje ndani kabla ya kulipa: mshono uliokatwa karibu kabisa na uzi hautafumuliwa kamwe, hata kama bei yake inavutia. Anayenunua kitambaa akumbuke kwamba pamba tupu hurudi inapofuliwa mara ya kwanza, hivyo iloweshwe na kukaushwa kabla ya kufika kwa fundi. Tetroni hairudi sana na hukauka upesi, jambo la maana katika mvua za Januari za nyanda hizi, ingawa mtoto hutokwa jasho zaidi ndani yake.

Kabla ya hayo yote, rangi iulizwe shuleni. Bluu iliyokoza na bluu ya kawaida hufanana sana dukani chini ya taa, lakini hutofautiana mstarini asubuhi, na fundi hawezi kurekebisha rangi.

Kuhusu viatu, wazazi wengi huenda gulioni na kijiti au uzi uliokatwa kwa urefu wa unyayo wa mtoto. Ni njia nzuri pale mtoto anapobaki nyumbani, ila hupima urefu peke yake na kuacha upana. Iliyo bora ni kumsimamisha mtoto juu ya karatasi ngumu, au kipande cha boksi, na kuchora miguu yote miwili kwa penseli iliyosimama wima. Ipimwe jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo baada ya kutembea kutwa, na asimame kwa uzito wake wote, asikae. Mchoro wa mguu mkubwa zaidi ukatwe na kuingizwa ndani ya kiatu: ukilala bila kujikunja na mbele yake ikabaki nafasi ya sentimita moja hivi, kiatu kinafaa. Nafasi ikizidi sana, mtoto hujikwaa, hupata malengelenge kisigino, kisha huvivua njiani na kuvibeba mkononi.

Kuvibeba mkononi kuna hatari yake. Minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya mguu unaokanyaga udongo uliochafuliwa na kinyesi, kisha hufyonza damu matumboni na kumwachia mtoto upungufu wa damu. Kiatu kinachovaliwa, hata kiwe cha plastiki au raba ya mtumba iliyooshwa vizuri, kina kazi kubwa kuliko kiatu cheusi cha ngozi kinachobebwa. Viatu vya kubandika ni rahisi zaidi kwa umri huu kuliko vya kamba.

Fedha isipotosha jozi mbili kamili, yanunuliwe mashati mawili na kaptula au sketi moja. Shati jeupe ndilo linalochafuka kwanza, wakati kaptula ya bluu iliyokoza inaweza kustahimili siku mbili au tatu. Nguo za ndani husahaulika katika bajeti nyingi, nazo ni za bei ndogo kuliko vyote. Moja safi ikunjwe ndani ya mfuko wa daftari kila siku, pamoja na maelezo kwa mwalimu kwamba imo. Sweta haina haraka. Baridi kali ya hapa huja Juni na Julai, kwa hiyo mzazi akubaliane na mwalimu ili ainunue kufikia Mei. Ikinunuliwa, jina la mtoto lidariziwe kwa uzi upande wa ndani wa ukosi. Nje halifai: mtu asiyemjua mtoto asipewe jina la kumwitia njiani.

Sare ikishapatikana, ivaliwe nyumbani kabla ya shule kufunguliwa. Mtoto anyanyue mikono juu, achuchumae kama achuchumaavyo chooni, ashushe kaptula au apandishe sketi, kisha ajiweke sawa na kuvaa viatu bila kusaidiwa. Mtu mzima atazame tu na kunyamaza. Anaposhindwa mara tatu mahali palepale, nguo ndiyo irudishwe kwa fundi. Jaribio hili lifanyike mapema, kwa sababu kufikia wiki ya Krismasi mafundi wengi wamezidiwa na nguo za sikukuu, na wiki ya mwisho kabla ya kufungua shule msongamano huwa mkubwa zaidi.

Kuna kaya ambazo hata shati moja ni mzigo. Mzazi wa kaya hiyo amwone mwalimu mkuu wakati wa kumwandikisha mtoto, asisubiri wiki ya kwanza ya masomo kumficha nyumbani kwa aibu. Mara nyingi shule hujua familia yenye mtoto aliyekwisha kuipita sare yake, na shati lililotunzwa na ndugu wawili bado linaweza kumvika wa tatu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata naye aelezwe, hasa pale mlezi ni bibi au babu aliyeachiwa wajukuu. Kaya zilizomo katika mpango wa TASAF zitenge fungu la sare kidogo kidogo kuanzia malipo ya katikati ya mwaka, kwa kuwa mahudhurio ya mtoto shuleni ni miongoni mwa masharti ya ruzuku hiyo.