Mwenyekiti Mbele ya Mkutano
Kijitabu kwa wenyeviti wa vijiji

Vigelegele vya uchaguzi vimekwisha, na kesho alfajiri mtu wa kwanza kubisha hodi kwako atakuja na ugomvi wa mpaka wa shamba. Atakuita mheshimiwa. Kijitabu hiki kinahusu utakachofanya baada ya kuitwa hivyo.

Wengi hudhani kiongozi mnyenyekevu ni yule mwenye sauti ya upole, anayeamkia wazee na kukaa msibani mpaka tanga liondoke. Hayo ni mazuri, yafanye. Ila wapo wapole waliouza ardhi ya kijiji kimya kimya. Sisi tunampima kiongozi kwa jambo lingine: akikosolewa mbele za watu, anafanya nini?

MKUBWA WAKO NI MKUTANO

Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, nawe ndiye mwenyekiti wao. Lakini juu yenu upo mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba halmashauri haigawi ardhi mpaka mkutano huo uridhie. Kwa hiyo mwekezaji akishuka kwenye gari, akakuvuta pembeni na kuuliza ekari 50 zinapatikanaje, jibu ni jepesi: "Mimi sina ardhi ya kugawa. Karibu mkutanoni." Jibu hilo litakuepusha na mengi.

Sasa tazama mkutano wenyewe. Viti vinne vya plastiki viko chini ya mwembe wa shule, wananchi wamekaa kwenye nyasi. Mtendaji wa kijiji amesoma mapato na matumizi mbio mbio, kama mtu anayekimbia mvua. Bibi mmoja anasimama, anaweka kanga yake sawa begani.

"Mwanangu mwenyekiti, tulichanga saruji mifuko sitini. Nimekizunguka kile chumba cha darasa. Mifuko sitini siioni."

Vijana wanacheka. Wote wanakutazama wewe.

Mwenyekiti mwoga atasema, "Bibi, hilo njoo tulizungumze ofisini." Mwenye kiburi atamuuliza, "Wewe mwenyewe ulichanga?" Swali hilo ndilo baya zaidi, maana limeziba midomo ya wote ambao hawajamaliza mchango. Mwenye busara atamwomba mtendaji afungue daftari upya na kusoma polepole: mifuko mingapi iliingia, mingapi ilitoka, nani alisaini. Ikisemekana kumi na miwili ingali stoo, wachaguliwe watu watano, bibi akiwamo, waende kuihesabu siku ileile. Isipoonekana, aseme: "Bibi amenionyesha nisilolijua, na kuanzia leo nitalifuatilia." Sentensi hiyo ni nzito kuitamka mbele ya kijiji kizima. Ifanyie mazoezi nyumbani.

WALIOWAHI KUKIRI

Mwaka 1972 serikali ya Mwalimu Nyerere ilifuta serikali za mitaa, na mwaka 1976 ikavunja vyama vya ushirika. Baadaye Mwalimu mwenyewe alikiri hadharani kwamba yote mawili yalikuwa makosa. Sheria za kurudisha serikali za mitaa zilipitishwa mwaka 1982, na halmashauri yako inaendeshwa kwa mojawapo ya sheria hizo. Kiti chako kina historia ya kosa lililokubaliwa.

Ali Hassan Mwinyi naye alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani pale watuhumiwa wa mauaji huko Mwanza na Shinyanga walipoteswa mikononi mwa vyombo vya dola, wengine wakafa. Si yeye aliyewatesa. Hata hivyo alijiuzulu mwaka 1977, akaibeba dhamana ya wizara yake. Miaka minane baadaye akawa Rais. (Hatusemi ujiuzulu ili upande cheo.)

SEMA MWISHO

Ukitoa maoni yako kwanza, kinachobaki ni makofi. Fungua ajenda, kisha nyamaza. Angalia nani hajasema: akina mama waliokaa nyuma na watoto mgongoni, wafugaji waliofika wamechelewa kwa sababu ya mifugo, kijana aliyenyoosha mkono mara mbili akakata tamaa. Waite. Wazee wenye maneno mengi watakununia kidogo, watazoea.

Kuna maswali utakayokosa majibu yake. Usiyabuni. Nunua daftari lako mwenyewe, mbali na la mtendaji, uandike swali, tarehe, na lini utalijibu. Mkutano mkuu huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Unaofuata uanze na daftari hilo, kabla ya salamu za wageni. Na kama bibi wa saruji hajafika, tuma mtoto akamwite.