Joho Lililobaki Troa

Somo: 2 Timotheo 4:9-21

Jumapili iliyopita katika ibada ya pili nilifundisha kutoka mistari ambayo wengi wetu huiruka. Ni salamu tu, tunasema, majina majina, halafu tunafunga Biblia. Wengine mmeniomba niandike kwa sababu spika ya nyuma ilizima katikati, kwa hivyo haya ndiyo niliyosema, pamoja na mengine niliyoyakumbuka nikiwa nyumbani.

Paulo yuko kifungoni. Anajua siku zake zimekaribia kuisha, na amekwisha kuandika yale maneno makuu tunayosoma kwenye mazishi. Ungetarajia amalizie hapo. Lakini mtumishi wa Mungu anageuka na kuanza kuomba vitu. Anamtaka Timotheo aje upesi. Anasema wazi nani ameondoka na nani amebaki: Dema ameenda zake, ni Luka tu aliye naye. Anataka Marko aletwe. Anataka joho lake, na anataja liko mji gani na kwa nani, huko Troa kwa Karpo. Anataka vitabu, na anataja vile anavyovihitaji zaidi. Kisha mstari wa 21 anaweka hata wakati: Timotheo ajitahidi kufika kabla ya baridi kuanza.

Mimi nilisomea biashara, mnisamehe, lakini nikisoma mstari wa 13 naona oda iliyojazwa vizuri kabisa. Kitu gani, kiko wapi, kwa nani, nani akilete. Mzee huyu wa imani hakuona haya kusema ana baridi na yuko peke yake.

Sasa niwaambie kwa nini mistari hii ilinishika. Mwaka jana nililazwa siku sita katika hospitali moja ya umma. Kidole tumbo. Wengi wenu hamkujua hadi siku ya tatu, na kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilimwambia mama watoto asiseme. Nilikuwa nimehubiri uponyaji majuma matatu mfululizo. Nilijiuliza, nitaonekana aje nikiwa na dripu mkononi?

Dawa ya aibu hiyo iko katika sura hii hii, mstari wa 20. Trofimo aliachwa Mileto akiwa mgonjwa. Trofimo, mtu wa safari za Paulo! Na huyu ni Paulo yule yule ambaye katika Matendo 19 vitambaa vilivyogusa mwili wake vilipelekewa wagonjwa wakapona. Hafichi, hatoi maelezo, anaandika tu kwamba ndugu ni mgonjwa na amebaki. Na aliye karibu na Paulo wakati huo ni Luka, ambaye Wakolosai 4:14 inatuambia alikuwa daktari. Kwa hivyo mtu akikujia kitandani akuambie ungekuwa na imani usingemeza hizo tembe, msalimie vizuri, kisha meza tembe zako.

Siku ya tatu habari zilivuja kwenye grupu ya WhatsApp, mkaja. Watu kumi na wanne. Nawapenda, na sitasahau. Lakini niseme ukweli kama mtu wa nyumbani: nilikuwa nimepasuliwa usiku uliotangulia, na kila mliponichekesha nyuzi zilivuta. Mliimba mpaka sista akaja. Mlileta mikate kumi na mmoja (nilihesabu, ndiyo kazi yangu) na juisi, na daktari alikuwa hajaniruhusu kuweka kitu kinywani. Mikate ikala wodi nzima. Nilichohitaji kilikuwa slipa, kwa sababu sakafu ya choo cha wodi mnaijua. Chaja yenye waya mrefu. Na mtu wa kumpeleka kifungua mimba wetu shule asubuhi, ili mama yake asikimbie huku na huku. Hakuna aliyeniuliza. Na mimi nilipoulizwa naendeleaje, nilijibu, "Niko sawa, mniombee tu."

Hiyo ndiyo sehemu ndogo ya hadithi. Kubwa ni ya kitanda cha pili.

Usiku wangu wa kwanza aliletwa mzee mmoja aliyevunjika mguu. Mtu wa boda boda alimkuta kando ya barabara akamleta, akaenda zake. Mzee alikuwa mpole, haombi kitu. Akiletewa uji anashukuru, asipoletewa pia ananyamaza. Nilimwombea mara mbili. Nilimwuliza, "Mzee, kuna kitu unahitaji?" Akasema, "Hapana pasta, Mungu yupo." Nikasema amina, nikageukia ukuta wangu.

Siku ya nne saa za wageni zilifika, kwangu kumejaa, kwake hakuna mtu. Watu walipoondoka nikamwuliza swali lingine. "Mzee, nani anajua uko hapa?"

Akatazama dari kwa muda. "Hakuna mtu, mwanangu."

Simu alikuwa nayo. Kabambe, iko chini ya mto, imezima tangu siku ya ajali. Namba ya binti yake ilikuwa ndani ya simu, na kichwani hakuwa na namba hata moja. Chaja yake ni ile ya pini nyembamba, yangu haingii. Nikamwuliza mbona hakusema. Akaniambia hakutaka kusumbua watu.

Askari wa getini ndiye aliyekuwa na chaja ya aina hiyo, na sista akakubali tuichomeke kwenye meza yake. Simu ilipowaka, meseji ziliingia moja baada ya nyingine mpaka nikadhani imeharibika. Kisha ikaita. Binti alikuwa Mombasa. Alikuwa amezungusha watu kwenye vituo viwili vya polisi, na siku hiyo asubuhi binamu yake alikuwa ametumwa kuangalia mochari. Aliposikia sauti ya babake hakuongea. Alilia tu, na mzee anamwambia, "Nyamaza mama, nimekula, nimekula."

Wapendwa, siku tatu mfululizo nililala hatua mbili kutoka kwa mtu huyo, nikiwa mchungaji, na kilichomtenga na mtoto wake kilikuwa chaja.

Kwa hivyo sasa nafundisha mambo ya chini kabisa, na sioni haya. Jioni hii chukua karatasi, andika namba tatu za watu wako kwa kalamu, ikae pamoja na kitambulisho chako. Simu huzima, huibwa, huanguka majini. Chagua mapema mtu mmoja awe Karpo wako, anayejua vitu vyako viko wapi, na ndiye atakayewapa wengine habari, ili usipigiwe simu arobaini ukieleza oparesheni ile ile. Hakikisha umejisajili na SHA ukiwa mzima. Tangu Oktoba 2024 ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, na foleni ya kujisajili si ya mtu mwenye maumivu. Ukienda kulazwa beba slipa, leso au shuka yako, kikombe, kijiko, sabuni, tishu, na pamba ya kuziba masikio, maana wodi hailali. Pesa kidogo tu. Namba ya siri ya M-Pesa usimpe mtu wa kitanda cha jirani hata kama ni mlokole. Simu ilaze mwilini, si dirishani. Mambo ya bili ni somo la siku nyingine, na nimeahidi kulifundisha.

Nanyi mnaotembelea: Florence Nightingale, yule muuguzi Mwingereza, aliandika kitabu cha uuguzi mwaka 1859, na humo analalamika juu ya kelele zisizo na sababu, na ana sura nzima kuhusu wageni wanaomjazia mgonjwa matumaini ya maneno matupu na ushauri asioomba. Miaka yote hiyo na bado tuko pale pale. Nendeni wawili au watatu. Nawa mikono. Usikalie kitanda. Kabla ya chakula muulize sista, kwa sababu mwenye sukari si sawa na aliyepasuliwa tumbo. Omba kwa sauti ya chini. Mungu anasikia, na wa kitanda cha pili anaweza kulala. Na usiulize kama anahitaji kitu, maana jibu unalijua. Uliza nani anajua yuko hapa. Uliza simu ina chaji na bando. Uliza nyumbani kumebaki nani, ng'ombe anakamuliwa na nani, duka limefungwa au liko wazi.

Kuna saa ambazo hakuna mgeni anayeruhusiwa, na hizo ndizo ndefu. Mimi ilikuwa saa tisa ya usiku. Dada mmoja wa kwaya alinitumia sauti ya dakika mbili kwenye WhatsApp, maombi tu na kuku wake wanasikika kwa nyuma. Niliweka waya masikioni nikaisikiliza sijui mara ngapi. Wale kuku walinipeleka nyumbani. Kutuma sauti kama hiyo hakuhitaji nauli.

Mzee tunaongea naye bado. Anatembea na gongo, na kwenye mfuko wa koti ana karatasi yenye namba, aliinionyesha mwenyewe akicheka.

Wiki hii mama mmoja wa ushirika wetu amelazwa. Nilimwambia ajaze oda kama Paulo, na kwa ruhusa yake naandika: betri mbili za redio, zile kubwa, slipa namba sita, na mtu wa kukaa naye Jumatano mchana, kwa sababu binti yake lazima aende kazini. Mikate hataki. Nitakuwa kwenye meza ya mlangoni baada ya ibada ya kwanza na ya pili, nikiwa na kalamu.