Tuanzie Tangini: Mashine ya Kufulia Inapokataa Kuingiza Maji

Katika hitilafu zote zinazozipata mashine za kufulia katika nyumba zetu za Unguja, sijaona inayowahamanisha watu upesi, wala inayowatoa fedha bila ya haja, kuliko hii ya mashine kuwashwa, ikalia mlio wake wa kuanza kazi, ikangojewa, na maji yasiingie. Aghalabu mwenye nyumba huhukumu papo hapo kwamba mashine imekufa, akamwita fundi; na fundi, maadamu ameitwa kwa ajili ya mashine, huifungua mashine. Mimi, ambaye kwa miaka mingi nimezitengeneza mashine zangu mwenyewe na za jamaa na majirani waliohitaji auni, nimefikia yakini kwamba mara nyingi mashine hiyo ni nzima, na kwamba ila iko katika maji. Kwa hivyo makala haya yatafuata njia ile ile yapitayo maji, kutoka tangini hadi bombani, kutoka bombani hadi mpirani, na kutoka mpirani hadi ndani ya vali. Wala hatutashika bisibisi kabla maji yenyewe hayajapimwa.

Ili tupime kwa ujuzi, yatupasa kwanza tufahamu namna mashine inavyopokea maji. Nyuma yake, pale mpira wa kuingizia maji unapofungwa, pana vali ndogo ya plastiki yenye koili ya umeme. Wengi hudhani kwamba umeme ndio unaoyafungulia maji njia, na dhana hiyo ndiyo asili ya makosa mengi. Ndani ya vali mna kiwambo cha mpira kilicholalia tundu la kupitia maji, na katikati ya kiwambo pana kitundu chembamba mno kilichozibwa na kijiti cha chuma. Umeme unapofika, koili hukivuta kijiti hicho juu, kitundu kikabaki wazi, na kazi ya umeme ikaishia hapo. Kinachokiinua kiwambo chenyewe ni msukumo wa maji yaliyosimama nje yakingoja kuingia. Yakija kwa nguvu, kiwambo huinuka sawasawa na pipa hujaa. Yakija kwa unyonge, kiwambo huinuka nusu au hakiinuki kabisa, na mashine, ambayo imewekewa muda wa kungoja, hukata tamaa ikaandika alama yake ya kosa. Mashine za LG huandika IE, na za Samsung 4C au 4E. Na alama hizo hazisemi kwamba vali imeharibika, bali zasema tu kwamba maji hayakufikia kimo chake kwa wakati.

Basi ni msukumo kiasi gani unaohitajika? Kitabu cha maelekezo hukitaja kiasi hicho, nacho kwa mashine nyingi ni baina ya baa 0.3 na 0.5, na ziko zinazotaka baa 1 nzima. Hesabu yake ni nyepesi: kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takriban baa 1, kwa hiyo kila mita 1 hutoa baa 0.1. Chukua nyumba ya chini isiyo na ghorofa, yenye tangi lililowekwa juu ya paa la choo, kitako chake kikiwa mita 3 kutoka ardhini, na vali ya mashine iko kimo cha mita 1. Zinazobaki ni mita 2, nazo hutoa baa 0.2 tu, kabla hatujatoa kinachopotea njiani katika bomba la nusu inchi lililozunguka nyumba nzima kwa kona nne au tano. Mashine iliyofungwa katika nyumba ya namna hiyo hailaumiki. Wala ukubwa wa tangi hausaidii kitu, ingawa wengi huniambia kwa fahari kwamba tangi lao ni la lita 2,000; kinachosukuma ni kimo cha maji, si wingi wake.

Njia ya kupata ithibati haigharimu chochote. Chomoa plagi ya mashine katika soketi, funga mfereji, kisha ufungue nati ya mpira kutoka nyuma ya mashine. Uitie ncha ya mpira katika ndoo ya lita 10, na uiinue mpaka kimo cha vali, kwa kuwa ukiiacha chini sakafuni utakuwa umeyaongezea maji karibu mita nzima ambayo mashine haiipati, na kipimo kitakudanganya. Ufungue mfereji wote. Ndoo ikijaa kwa muda wa dakika moja au kupita kidogo, maji yako yatosha na shaka ihamie kwingine. Ikichukua dakika nne au tano, umekwisha kuipata ila, na hakuna fundi wa umeme atakayeiondoa.

Maji yakiwa dhaifu, usikimbilie kununua pampu siku hiyo hiyo. Tazama kwanza kama koki iliyo chini ya tangi imefunguliwa yote, maana mara nyingi aliyelisafisha tangi huirudisha nusu. Tazama kama tangi lina maji. Ikiwa maji yalikatika siku kadhaa na sasa yamerudi, huenda pana hewa iliyonaswa katika kona za bomba; fungua mifereji yote ya nyumba, kuanzia ule ulio chini kabisa, uiache itoe hewa na kukohoa mpaka maji yatoke mfululizo. Kama yote hayo ni salama na ndoo bado yachelewa kujaa, hapo kuna mambo matatu ya kuchagua. La kwanza ni kulipandisha tangi juu ya mnara, jambo jema kwa mwenye kiwanja, illa ajue kwamba lita 1,000 za maji zina uzito wa tani 1, na kwamba miti miwili mitatu ya mikoko haiwezi kuaminiwa mzigo huo juu ya vichwa vya watoto. La pili ni kufunga pampu ndogo inayojiwasha na kujizima yenyewe, baina ya tangi na bomba la nyumba. Nasisitiza kwamba inyonye kutoka tangini, si kutoka katika bomba la mtaa. Anayenyonya bomba la mtaa hunyonya fungu la jirani zake, na pamoja nalo uchafu unaopenya katika nyufa za bomba. La tatu, ambalo wauzaji hawalisemi, ni kununua mashine ya mapipa mawili, ile isiyojiendesha yenyewe, inayojazwa kwa mpira au kwa ndoo na isiyodai msukumo wowote. Kwa nyumba nyingi za mashamba naiona ndiyo mashine yenye insafu zaidi.

Ndoo ikijaa upesi na mashine bado haipati maji, tusogee hatua moja. Mahali mpira unapofungwa, ndani ya mdomo wa vali, mna chujio dogo la plastiki lenye kijiulimi cha kushikia. Mashine nyingine zina jingine katika ncha ya mpira iliyo upande wa mfereji. Kishike kijiulimi kwa koleo, ulivute taratibu bila kulipotoa, na ulitazame mbele ya mwanga. Kisiwa chetu kimesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na maji tunayoyatumia, tangu Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alipoyaleta mjini kwa bomba kutoka upande wa Bububu, yamepita katika mwamba huo na kubeba chokaa yake. Chokaa ile ile unayoiona imeganda katika birika la chai hugandamana pia katika vitundu vya chujio, na mchanga na kutu za mabomba makuukuu hujishika juu yake. Sugua kwa mswaki wa zamani. Ukoga mweupe usiotoka kwa mswaki hutoka kwa siki: lilaze chujio ndani ya bakuli la siki, au maji ya ndimu kama siki haipo, kwa muda wa saa moja au mbili, kisha ulisuuze.

Nimekutana na watu waliochoka kulisafisha chujio wakalitupa, na kwa muda wakafurahi kwa jinsi maji yalivyoingia kwa kasi. Nawasihi wasifanye hivyo. Punje moja ya mchanga ikikaa chini ya kiwambo, vali haitafungika tena, na maji yataingia katika mashine usiku na mchana, hata ikiwa imezimwa, mpaka yafurike chumbani. Lililo bora ni kuufunga mfereji wa mashine kila maji yanapokatika, na yanaporudi uyaache yale ya kwanza, yenye rangi ya kutu, yatokee katika mfereji mwingine.

Sasa tuje kwenye masikio, ambayo katika kadhia hii yana thamani kuliko macho. Rudisha mpira, hakikisha pete yake ya mpira imo ndani, kaza nati kwa mkono, chomeka plagi, chagua kufua kwa maji baridi, uwashe, na usimame karibu na mgongo wa mashine. Baada ya mlango kujifunga utasikia moja ya mambo mawili. Ukisikia mvumo mwembamba wa umeme pale penye vali, na maji hayaji ijapokuwa ndoo ilijaa vizuri na chujio ni safi, basi amri imefika na koili inafanya kazi, lakini kiwambo kimeganda kwa chokaa au kimechakaa, vali ibadilishwe. Si kitu cha ghali, na kukifunga ni skrubu mbili, mipira na nyaya zake.

Usiposikia mvumo wowote, ama koili imeungua au haijaamrishwa. Mashine nyingi zina koili mbili au zaidi, moja ya kufua na nyingine ya kufua kwa awali. Chagua kufua kwa awali, na maji yakiingia kwa njia hiyo utajua kwamba koili ya kwanza ndiyo mbovu. Mwenye mita ya umeme na azoeaye kuitumia, baada ya kuchomoa plagi na kuondoa nyaya mbili za koili, atapima: koili nzima ya mashine ya volti 220 hadi 240 aghalabu husoma baina ya omu 3,000 na 5,000, na iliyokatika haisomi kitu. Asiyezoea asijaribu, na asithubutu mtu yeyote kuipelekea koili umeme wa ukutani kwa nyaya za mkononi. Maji na umeme viko mahali pamoja hapo.

Yako mambo mepesi yanayoizuia amri, nayo nayataja kwa haraka: mlango usiofungika barabara kwa ncha ya kanga iliyobanwa, saa ya kuchelewesha kazi iliyobonyezwa na mtoto, na maji ya moto yaliyochaguliwa katika mashine yenye midomo miwili ilhali nyumbani hakuna bomba la maji ya moto.

Kuna kisa kingine kinachofanana na hiki kwa nje na ni kinyume chake kwa ndani. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, aliniita akaniambia, “Mwanangu, maji nayasikia yaingia, lakini tumboni hayakai.” Nikaenda, nikakuta mpira wa kutolea maji umelazwa sakafuni, mdomo wake katika tundu la chooni. Mpira huo yapasa uinuliwe, mdomo wake uwe baina ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Ukiwa chini ya kimo cha maji ya pipani, kila yanayoingia hujivuta yenyewe yakatoka, na mashine yangoja kujaa milele. Tuliufunga kwa kamba kwenye bomba la ukutani, na jioni ile mashuka yalifuliwa.

Ukifika hapa bila ya kupata jibu, limebaki jaribio moja kabla ya kumwita fundi. Mimina maji kwa ndoo, taratibu, kupitia mtoto wa sabuni, au kwa juu kama mashine hufunguka juu, ukiwa umeshaiwasha. Pipa likifikia kimo chake na mashine ikaanza kuzunguka, basi swichi inayopima kimo cha maji na mota ni nzima, na dosari iko katika vali au katika nyaya na bodi inayoiamrisha. Ukimimina na isizunguke, au ikaanza kuzunguka pipa likiwa tupu, shaka ielekee kwenye swichi hiyo na kale kamrija ka hewa kanakoiunganisha na pipa, ambako huzibwa na ukoga wa sabuni.

Fundi atakapokuja, mweleze yote hayo kwa mpango: ndoo ilijaa kwa muda gani, chujio lilikuwaje, ulisikia mvumo au hukusikia, na maji ya kumimina yalileta nini. Ukimwambia hivyo ataanzia mahali panapostahili, wala hatakubadilishia bodi ya fedha nyingi kwa ajili ya vali. Na kifaa chochote atakachokibadilisha, mwombe kwa staha akuachie kile cha zamani.